Nafasi ya Tatu Kutoka Kushoto

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani anajua siri za miili ya watu. Najua nani amenenepa na hataki kuambiwa, najua nani bega limeshuka upande mmoja kwa kubeba ndoo. Siku nilipompima Martina kwa mara ya kwanza, mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa inchi nzima. Nikadhani nimeshika futi vibaya, nikapima tena.

"Nyundo hiyo," akaniambia. "Usihangaike."

Martina Ngusa, ambaye sisi hapa Kalangalala tunamwita Mama Mageni kwa jina la binti yake mkubwa, anaponda mawe. Wanaume wanaingia duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, wanatoka na mawe ya dhahabu kwenye viroba, na mawe hayo hayawezi kwenda kwenye karasha kusagwa mpaka yavunjwe yawe madogo. Kazi ya kuyavunja ni ya akina mama. Wanakaa chini ya turubai kutwa nzima, jiwe moja kubwa chini, jiwe la dhahabu juu yake, nyundo mkononi. Mama Mageni ameifanya kazi hiyo miaka zaidi ya ishirini. Mumewe Mwigulu aliingia duarani mpaka kifua kikamkataa, akafariki miaka sita iliyopita, na yeye akaendelea na nyundo yake.

Mlango wake na wangu inatazamana. Yeye Msukuma wa Samuye, kule Shinyanga. Mimi babu yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja huku kufuata biashara ya ngozi, na kila mtu anajua Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo nitakayoyasema humu nimeruhusiwa na mababu. Asiyependa akamshitaki babu yangu.

Basi miaka miwili iliyopita wakaja Kokoto.

Kokoto ni kikundi cha ngoma, lakini si ngoma mnayoifikiria. Kiongozi wao anaitwa Sabiti, kijana wa hapa hapa Geita aliyekwenda kusomea sanaa Bagamoyo akarudi na nywele ndefu na imani kwamba kila kitu kinaweza kuchezwa. Ana vijana watano, mmoja wao binti yangu Amira. Hawana nyimbo za harusi wala za kumsifu mgeni rasmi. Wanakwenda mahali watu wanapofanya kazi, wanakaa, wanatazama, halafu wanaazima mienendo ya wale watu na kuitengenezea mchezo. Baadaye wanaurudisha mchezo pale pale, wanaucheza pamoja na wenyewe, na wakimaliza wanakaa chini kuzungumza nao kuhusu zebaki: usiishike kwa mkono mtupu, usichomee dhahabu kwenye jiko unalopikia ugali. Mimi mwanzoni niliona ni uvivu uliotafutiwa jina zuri. Nikamwambia Amira, mwanangu, watu wanasomea uuguzi. Akanijibu, "Mama, tunahitaji nguo." Nikamshonea, nifanyeje.

Siku walipofika kwenye turubai la akina mama wapondaji, wale mama walidhani ni watu wa kodi. Kisha wakadhani ni walokole. Vijana wakakaa kimya wakitazama tangu saa mbili mpaka saa tano, kisha wakasimama na kuanza kuponda mawe yasiyokuwepo kwa nyundo zisizokuwepo. Akina mama walicheka mpaka mmoja akaangusha chupa yake ya chai. Mama Mageni peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anawatazama kama mwalimu anayesahihisha daftari bovu. Mwishowe akainuka.

"Mnakosea," akasema. "Mnaponda kwa mkono. Jiwe linapondwa kwa kiuno."

Akawaonyesha. Amira anasema hapo ndipo Sabiti alipoona. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akainama, magoti yakalegea, kiuno kikatangulia na mkono ukafuata wenyewe. Sabiti akamuuliza alijifunza wapi kucheza.

"Sichezi," akasema Mama Mageni. "Naponda."

Lakini jioni ile alikuja kwenye uwanja wao, nyuma ya ghala la pumba, kwa sababu, alivyosema, hakuweza kulala akijua wanaponda vibaya. Hakuondoka tena. Kokoto wana sheria yao: mwendo ulioazimwa unabaki na jina la mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuusahihisha mpaka aridhike. Kwa hiyo kuna "Nyundo ya Mama Mageni". Kuna pia "Cherehani ya Mama Amira", mguu unaokanyaga na mkono unaosukuma kitambaa. Niliposikia nilijifanya sijali. Siku ya pili nikaenda kuwaambia kwamba mguu wanauweka vibaya.

* * *

Mwezi wa tano mwaka jana Sabiti akaja kibandani kwangu akipeperusha karatasi. Wamepata safari ya vijijini, Shinyanga, baada ya mavuno. Kule kila nyumba ina kijana mmoja aliyekimbilia machimbo, na wanaporudi wanarudi na zebaki kwenye chupa za soda, wanaiweka uvunguni mwa kitanda. Watakwenda vijiji vitatu. Akavitaja, na cha mwisho kilikuwa Samuye.

Mama Mageni alikuwa amesimama mbele yangu, nampima gauni la mchezo. Nilihisi pumzi yake imesimama ndani ya futi.

Sabiti alipoondoka nikamuuliza, "Samuye si kwenu?"

"Kwetu."

"Sasa mbona umenuna? Mcheza kwao hutunzwa."

"Wewe Mzaramo," akasema, "hujui kitu."

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kunieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya kuombana chumvi hakuwahi kunieleza. Usukumani, akasema, ngoma ina pande mbili, Bagalu na Bagika, kama ilivyo Simba na Yanga, na mtu huzaliwa nayo. Baba yake, Mzee Ngusa, alikuwa manju wa Bagalu, yaani yeye ndiye mtunzi, ndiye mwimbishaji, ndiye kila kitu. Baada ya mavuno pande mbili zinakutana kwenye uwanja mmoja. Hakuna majaji. Zinacheza kwa wakati mmoja, moja huku na nyingine kule, na watu wanakwenda wanakovutiwa. Upande wenye watu wengi jua linapozama ndio umeshinda.

"Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini," akasema. "Nilikuwa kwenye mstari wa baba, nimevaa njuga. Mwigulu alikuwa kwa Bagika, upande wa pili. Tulikuwa tumeshakubaliana mimi na yeye, lakini nani wa kumwambia baba? Basi katikati ya wimbo nikamwona anacheza. Mama Amira, sijui niseme nini. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikauvuka uwanja na njuga zangu, watu wote wananitazama. Na watu wakanifuata kuona kutatokea nini. Uwanja wote ukahama. Baba akabaki na wapiga ngoma wake na mbuzi wawili."

Nilitaka kucheka kwa ajili ya wale mbuzi. Nikamwona uso wake, nikaacha.

"Ndiyo mara ya kwanza kushindwa," akasema. "Usiku ule nikaondoka na Mwigulu. Baadaye tulipeleka ng'ombe, ng'ombe wakapokelewa. Mimi sikupokelewa. Miaka thelathini na moja nampigia baba goti nasema shikamoo, haitikii. Kwenye msiba wa mama nilipiga goti mbele ya watu wote, akageukia pembeni akaomba maji ya kunywa."

"Unataka nini kwake?"

"Aitikie. Neno moja tu. Ana miaka themanini na tatu, Mama Amira. Akifa hajaniitikia mimi nitafanya nini?"

Mimi nina mdomo, wote wanajua. Siku ile nilichukua futi tu nikampima tena mahali nilipokwisha kumpima.

* * *

Sabiti alitangulia Samuye kuomba uwanja na kurekodi ngoma za kule kwa simu yake. Alirudi ana wazimu wa furaha. Aliwakusanya vijana nyuma ya ghala na kuwaonyesha.

"Tazameni wazee hawa walivyo na akili ya sanaa! Mstari wa wanawake kumi na moja. Sasa tazama hapa, kati ya wa pili na anayefuata. Pengo! Nafasi ya mtu mzima, tupu. Wanakwenda mbele, pengo linakwenda nao. Wanageuka, pengo linageuka nao. Nimewauliza maana yake, wakasema, ndivyo tunavyocheza. Basi! Bila maelezo!"

Nami nilitazama. Kweli pengo lilikuwepo, na lilikuwa linapendeza kwa namna fulani, kama jino lililotoka kwenye kinywa cha mtoto. Mama Mageni alikataa kutazama. Alisema ya Samuye atayaona akifika Samuye, akaenda kukaa mbali na kujifanya anafunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili.

Sabiti akaliingiza pengo lile kwenye mchezo wake. Mstari wa watu sita, na nafasi ya tatu kutoka kushoto inaachwa wazi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama Mageni aliwekwa kulia kabisa. Na hapo shida ikaanza, maana kila wimbo ulipokolea, mama yule alikuwa anasogea. Hatua moja, hatua ya pili, ukija kutazama yumo ndani ya pengo.

"Mama Mageni! Hapo pasiwe na mtu!"

"Samahani mwanangu."

Wanaanza upya. Dakika tano baadaye yumo tena.

"Mama Mageni, hapo ni hewa! Ni sanaa!"

"Nimeelewa. Ni miguu tu."

Ikafika mahali Amira akawa anamvuta gauni kila akianza kuhama, na gauni nililishona mimi, kwa hiyo mishono iliyofumuka ilinifikia mimi. Tuligombana pia kuhusu njuga. Nilikuwa nimemshonea gauni la kijivu, laini, lisilo na kelele, kama la wenzake. Akaja na kopo la maziwa ya unga, akatoa humo njuga za chuma zimeshika kutu kidogo, akasema atazivaa miguuni. Nikamwambia haziendani. Akasema basi hataenda. Ni zile zile alizoondoka nazo siku ile, alizitunza miaka yote chini ya kitanda. Zilikuwa mali ya mstari wa baba yake. Sabiti naye akasema mlio wake ni mzuri.

* * *

Tulikwenda na Fuso ya kukodi, kupitia Kahama, na spika mbili kubwa nilizozifunika kwa khanga zangu ili zisile vumbi. Tulifika Samuye Jumamosi mchana. Ilikuwa mwezi wa saba, mtama umevunwa, ng'ombe wanatembea mashambani wanavyotaka. Uwanja wenyewe ni ule wa mpira.

Mzee Ngusa alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, mrefu hata akiwa amekaa, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mama Mageni alikwenda mpaka miguuni pake na kupiga goti kwenye mchanga.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akaelekeza uso wake upande wa sauti. Kisha akamuuliza mjukuu wake kama ndama wamefungwa.

Mimi nilijaa hasira. Nilitaka kumwambia yule mzee maneno ya Kizaramo. Mama Mageni akainuka, akajifuta magoti, akasema, "Twendeni tukafunge spika."

Saa tisa watu walikuwa wamejaa uwanja mzima. Sabiti akashika kipaza sauti, akasalimu, akaeleza kuhusu zebaki na vijana, watu wakapiga makofi. Muziki ukaanza, vijana wakaingia. Na wakati huo huo, upande wa pili wa uwanja, ngoma kubwa tatu zikalia. Wanawake wakatoka nyuma ya mti wa mkwaju wamepanga mstari, na Mzee Ngusa mbele yao, ameshikiliwa mkono, usinga begani.

Sabiti alikimbia kwa mtendaji wa kijiji. Alikuwa karibu kulia.

"Ndugu mtendaji, wanatuharibia! Tulikubaliana leo ni sisi!"

Mtendaji alimshangaa kweli kweli. "Ulisema mnakuja kucheza."

"Ndiyo!"

"Sasa mtacheza peke yenu? Ngoma moja peke yake ni mazoezi, mwalimu. Tumewatafutia wa kushindana nao. Tena tumewapa walio bora."

Kijana wa Geita huyu, na shule yote ya Bagamoyo, alikuwa amekwenda kuomba uwanja Usukumani bila kujua ameomba shindano. Na mimi, niliyesimuliwa habari ya Bagalu na Bagika kwenye kiti changu mwenyewe, sikuwaza hata kidogo kumwambia. Nilijipiga kibao cha paja.

Watu walikuwa waungwana mwanzoni. Walitutazama dakika kumi hivi. Vijana waliponda, walichekecha, walikanyaga cherehani yangu, na wazee wakatikisa vichwa kwa adabu. Kisha watoto wakaanza kukimbilia kule. Wakafuata wasichana. Wakafuata mama zao, taratibu, wanarudi kinyumenyume wasituudhi. Sabiti akaongeza sauti ya spika, lakini spika haina cha kuifanya ngoma ya ngozi ya ng'ombe inayopigwa na mtu aliyekula akashiba. Walibaki kwetu watu kama thelathini, na kumi kati yao walikuwa wanashangaa ile Fuso.

Wakafika kwenye mstari wenye pengo. Mama Mageni, kama kawaida, akaanza kusogea. Hatua moja, mbili. Akaingia ndani ya pengo, nafasi ya tatu kutoka kushoto, na pale aliposimama alitazamana moja kwa moja na upande wa pili. Nami nikageuka kuangalia anachokiona.

Kule mbele, mstari wa Bagalu ulikuwa unakuja. Wanawake wawili, nafasi tupu, kisha wengine wote. Njuga zao zilikuwa zinalia, na mahali palipokuwa wazi hapakulia kitu.

Mama Mageni akasimama. Kiganja alikipeleka mdomoni. Kisha akatoka kwenye mstari na kuanza kuuvuka uwanja.

"Mama Mageni!" Sabiti akapiga kelele. "Rudi!"

Hakurudi. Njuga zake zilikuwa zinalia kila hatua, chwa, chwa, katikati ya uwanja mtupu, na watu kule walianza kugeuka. Mwanamke mmoja mtu mzima akapiga kigelegele, akakikatisha katikati. Nadhani alikumbuka. Mimi nilishamfuata, sijui kwa nini, na futi yangu shingoni.

Alikuwa amebakiza hatua kumi kuufikia mstari. Mzee Ngusa akainua usinga, na ngoma zote tatu zikanyamaza.

"Njuga hizo ni zangu," akasema.

"Ndiyo, Baba." Akapiga goti pale pale. "Baba, nafasi yangu..."

"Kwanza nijibu. Kule ulikotoka, wimbo umekwisha?"

Mama Mageni akatazama nyuma. Vijana watano walikuwa wamesimama vinywa wazi, muziki unaendelea wenyewe.

"Bado, Baba."

"Bado!" Mzee alipaza sauti, na ilikuwa sauti ya manju hasa, nilielewa kwa nini watu walimfuata. "Mara ya pili! Mara ya pili unatoka katikati ya mstari! Nani alikufundisha kucheza?"

"Wewe, Baba," akasema Mama Mageni, kwa sauti ya mtoto.

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha uwanja mzima ukacheka, na mzee akasubiri wamalize.

"Uliondoka na mwanaume," akasema, taratibu sasa. "Sawa. Watu wanaondoka na wanaume. Mama yako aliondoka na mimi, babu yako akakasirika wiki mbili. Lakini mtu anamaliza wimbo kwanza, ndipo anaondoka! Uliniachia tundu kwenye mstari. Nikawaambia, msilizibe. Atarudi kulimaliza. Miaka mingapi hiyo? Na leo unakuja kwangu umewaachia watoto wa watu tundu lile lile."

Mama Mageni alikuwa analia, na mimi nalia, na sioni aibu kulisema. Miaka thelathini na moja, yeye alidhani anachukiwa kwa sababu ya Mwigulu na kushindwa kule. Na yule mzee alikuwa amemhifadhia nafasi miaka yote hiyo, hajui kumwambia, wala yeye hajui kuuliza. Wasukuma hawa! Kusema wanashindwa, kubishana na jembe wanaweza.

"Simama," akasema mzee. "Nipe bega."

Akaliwekea mkono bega lile, na kumrudisha. Wakauvuka uwanja wote wawili, yeye anapapasa kwa miguu, binti analia na njuga zinalia, na kijiji kizima nyuma yao. Wapiga ngoma wa Bagalu wakabaki peke yao. Mbuzi sikuwaona.

"Haya," Mzee Ngusa akamwambia Sabiti, "anzeni pale mlipoharibu."

Sabiti akarudisha muziki nyuma. Mama Mageni akaenda mahali pake, kulia kabisa, na safari hii hakusogea hata unyayo. Wakacheza mchezo wao mpaka mwisho, watu wamewazunguka tabaka tano, na mzee amesimama mbele ameinamisha sikio. Walipofika kwenye Nyundo ya Mama Mageni alisikiliza njuga zinavyolia, akaitikia kwa kichwa.

"Hii ni ya kiuno," akasema. "Hii ni nzuri."

Walipomaliza ndipo akasema twende kwetu sasa, na uwanja ukahama tena mara ya tatu. Mpaka leo Samuye wanabishana nani alishinda siku ile, maana jua lilizama watu wakiwa hawajui wahesabiwe wapi. Mazungumzo ya zebaki yalifanyika baadaye, kwenye giza, na yalikwenda vizuri kuliko kijiji chochote, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Wazazi saba walikwenda kuzitoa zile chupa uvunguni usiku ule ule.

Lakini kabla ya hayo. Mstari wa Bagalu ulipangwa upya, wanawake kumi na moja na pengo. Mama Mageni alisimama mbele ya baba yake na gauni langu la kijivu lenye vumbi. Akapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Amira, baadaye akanionyesha alama za kucha.

"Marahaba," akasema Mzee Ngusa. "Marahaba, mwanangu. Ya tatu kutoka kushoto. Na ukitoka kabla sijamaliza nitakuchapa."

Akaingia. Hakuhitaji kuonyeshwa hatua hata moja.

Mavuno ya mwaka huu alikwenda tena Samuye, akamaliza wimbo, akarudi Kalangalala kwenye nyundo yake na kwenye mazoezi nyuma ya ghala. Sabiti bado analipenda pengo lake, ila anasema limepoteza nguvu, maana Mama Mageni halisogelei tena. Wiki iliyopita nilimsikia akimlalamikia.

"Mama Mageni, zamani ukikaribia pale watu walikuwa wanashikwa na kitu. Sasa unapita tu kama hapana kitu. Fanya kama zamani basi."

"Siwezi mwanangu," akamjibu, anafunga njuga. "La kwetu limeshazibwa. Tafuta lako."